Kinga kunyamaza si kinga kushindwa: seli zetu zinavyozoea sumu ya bakteria

Mleta uzi

Habari za jioni wanajukwaa.

Humu ndani haipiti wiki bila uzi wa "dawa ya kuongeza kinga". Sina ugomvi na anayeuza wala anayenunua, ila mimi kazi yangu ni maabara, seli za kinga naziona kila siku, na kuna upande wake mmoja ambao sijauona ukielezwa vizuri kwa Kiswahili. Kinga ya mwili haishughuliki na kupigana tu. Inajizuia pia, na isipojizuia inatuua yenyewe. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Tuanze na sumu yenyewe. Bakteria wa kundi la Gram hasi (E. koli, Salmonela, Klebsiela, na yule wa kipindupindu) wana ganda la nje lililojaa kitu kinachoitwa lipopolisakaridi, kwa kifupi LPS. Jina lake la zamani ni endotoksini. Richard Pfeiffer, aliyekuwa na Robert Koch kule Berlin, aliligundua hilo mwaka 1892 alipoona kwamba bakteria wa kipindupindu waliokwisha kuuawa kwa joto bado wanaua simbilisi. Mdudu amekufa, sumu ipo palepale.

Sasa sikilizeni: LPS yenyewe haichomi wala haitoboi kitu. Madhara yote tunayafanya sisi wenyewe tukishaiona. Seli nyeupe za aina ya monosaiti na makrofaji zina kipokezi kiitwacho TLR4. LPS ikigusa hapo, ndani ya saa moja au mbili seli inamwaga TNF na saitokini nyingine (protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana ujumbe), na hizo ndizo zinazoleta homa, kutetemeka, presha kushuka. Wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi, huwachoma watu wazima waliojitolea nanogramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 anapata nanogramu 140, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona hata ukikikausha juu ya kioo. Anatetemeka, kichwa kinauma, joto linapanda, na baada ya saa kadhaa anarudi sawa.

Mwaka 1993 iliandikwa ripoti ya mfanyakazi wa maabara aliyejichoma miligramu 1 ya endotoksini ya Salmonela akitumaini kutibu uvimbe wake. Hiyo ni mara elfu saba na zaidi ya dozi ya Nijmegen. Aliingia kwenye mshtuko, viungo vikaanza kugoma, akaokolewa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi).

Lakini wale waliojitolea kule Nijmegen ukiwachoma dozi ileile kila siku, siku ya tano homa karibu haipo na TNF imeporomoka. Hicho ndicho nilichokuja kukizungumzia. Wanakiita ustahimilivu wa endotoksini.

Si jambo jipya. Paul Beeson, akiwa Atlanta, aliandika mwaka 1947 kuhusu sungura aliokuwa akiwachoma chanjo ya taifodi mara kwa mara. Homa ilipungua siku hadi siku. Kila mtu angesema ni kingamwili zimeongezeka. Beeson akajaza seli walaji (ndizo zile makrofaji) za sungura hao kwa dawa ya thoriamu ili zizibe zisiweze kufanya kazi, na homa ikarudi. Kwa hiyo aliyezoea ni seli walaji, wala si kingamwili. Napenda sana jaribio lile, maana alilifanya bila hata kujua kipokezi ni kipi.

Kipokezi kilijulikana mwaka 1998, timu ya Bruce Beutler ilipofuatilia panya wa ukoo wa C3H/HeJ. Panya hao LPS haiwafanyi chochote. Shida ilikuwa herufi moja tu kwenye jeni ya TLR4. Kazi hiyo ilimpa Beutler Nobeli ya 2011, pamoja na Jules Hoffmann na Ralph Steinman. Ila panya haohao wasioumwa na LPS, ukiwapa Salmonela hai wanakufa haraka. Usiyasahau hayo tunapoendelea: kutosikia kabisa ni kitu kimoja, kuzoea ni kingine.

Kule benchi tunaliona jambo hili hivi. Unachukua monosaiti za mchangia damu mmoja, unazigawa kwenye kisahani chenye visima 96. Nusu zinalala usiku kucha na LPS kidogo, nusu zinalala na maji yake tu. Asubuhi unaziosha zote, unazipa LPS upya, kisha unapima TNF kwa kipimo cha rangi. Ukishadondosha tindikali ya mwisho, visima vya seli ambazo hazijawahi kuonja LPS vinageuka njano iliyokolea. Visima vya zile zilizolala nayo vinabaki karibu maji matupu. Mtu wa kwanza kuona hivyo husema "zimekufa hizo". Hazijafa. Ukizipima uhai kwa rangi ya bluu ziko hai, na ukizipa bakteria zinameza.

Ndani yake kuna nini? Ishara ileile inayowasha moto ndiyo inayoleta breki. Seli ikishaguswa inaanza kutengeneza protini iitwayo IRAK-M, ambayo inakaa njiani na kuzuia ujumbe wa TLR4 usifike (hii ilionyeshwa mwaka 2002). Inatengeneza protini nyingine, A20, ambayo nayo inakata ujumbe. Inatoa IL-10, saitokini ya kutuliza yenyewe na majirani. Halafu kuna jambo la ndani zaidi, kwenye kiini cha seli. Foster, Hargreaves na Medzhitov wa Yale walionyesha mwaka 2007 kwamba jeni hazizimwi zote. Zile za uchochezi, zinazoleta homa na kuvimba, zinafungwa kwa jinsi DNA inavyokunjwa kwenye protini zake. Zile zinazotengeneza silaha za kuua bakteria zinabaki wazi, nyingine zinafanya kazi kuliko mwanzo. Ni kama mlinzi aliyezima king'ora huku rungu bado liko mkononi.

Kwa hiyo anayesema "kinga imelala" hajasema kweli. Imechagua.

Karibuni kwa maswali.

Mchambua_pamba

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi nimefanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba huku Kanda ya Ziwa kwa miaka. Tulikuwa na ugonjwa wetu: ukitoka mapumziko ya Jumapili, Jumatatu mchana kifua kinabana, unahisi homahoma, kikohozi kikavu. Jumanne nafuu kidogo. Kufika Alhamisi unapumua kama kawaida na vumbi ni lilelile. Wazee wa pale walikuwa wanasema "vumbi limekusahau". Inahusiana na haya?

Mleta uzi

Inahusiana moja kwa moja, na umeielezea vizuri kuliko vitabu vingi.

Ugonjwa huo unaitwa bisinosisi, na kubana kifua siku ya Jumatatu ndiyo alama yake inayojulikana dunia nzima. Ulichunguzwa sana kwenye viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza. Vumbi la pamba linabeba mabaki ya bakteria wa Gram hasi wanaoishi kwenye mmea, kwa hiyo unavuta endotoksini kila pumzi. Jumatatu seli za mapafu zinaipokea kama ngeni, zinawaka. Siku zinazofuata zimeshazoea. Ukipumzika siku moja au mbili, mazoea yanapungua, na Jumatatu unaanza upya.

Si pamba peke yake. Viwanda vya kahawa hapa Tanzania vimepimwa, vya arabika na vya robusta, na vumbi lake limekutwa na endotoksini.

Ndugu yangu, naomba uwaambie na walioko kazini sasa: kupumua vizuri Alhamisi si uthibitisho kwamba mapafu yako salama. Kilichonyamaza ni homa na kubana. Ukivuta vumbi hilo miaka kumi au ishirini, njia za hewa zinaharibika taratibu, na uharibifu huo hauponi. Mwajiri aweke mashine za kuvuta vumbi, na barakoa iwe ya kuzuia vumbi kweli, si kitambaa cha kufunga puani.

Mama_wa_wawili

Samahani, swali la mzazi. Nimekuwa nikisikia "mwache mtoto acheze kwenye uchafu, kinga yake itakomaa". Kwa maelezo haya ni kweli? Mimi wa kwangu nawaosha mikono mpaka wananichoka.

Mleta uzi

Dada, endelea kuwaosha mikono.

Wazo hilo lina ukweli ndani yake, ila watu wamelichukua nusu. Watoto waliolelewa kwenye mashamba ya mifugo kule Bavaria, Austria na Uswisi walikutwa na pumu na mizio kidogo kuliko wenzao wa vijiji vilevile wasiofuga. Marekani walilinganisha jamii mbili za wakulima zenye asili moja, Waamish na Wahutterite. Waamish wanafuga kwa njia za kizamani, zizi liko karibu na nyumba. Wahutterite wanatumia mashine kubwa, watoto hawafiki mazizini. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta vumbi la nyumba za Waamish lina endotoksini karibu mara saba ya lile la Wahutterite, na pumu kwa watoto wao ni takriban asilimia 5 dhidi ya 21. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha kwa panya kwamba vumbi la shambani linawasha ile A20 niliyoitaja, kwenye utando wa njia za hewa. Panya wasio na A20 hapo hawakupata faida yoyote.

Kuna kitu kingine ambacho kwangu ndicho kinachofurahisha zaidi. LPS si zote sawa. Utafiti wa 2016 wa watoto wa Finland, Estonia na upande wa Urusi wa Karelia ulikuta utumboni mwa Wafini na Waestonia kuna bakteria wengi wa Bacteroides, ambao LPS yao ni dhaifu, haiwezi kuzoesha seli na hata inazuia ile ya E. koli isifanye kazi hiyo. Warusi walikuwa na LPS ya E. koli zaidi. Na kisukari cha aina ya kwanza kiko juu sana Finland, chini upande wa Karelia. Haimaanishi hiyo ndiyo sababu pekee, lakini inaonyesha kwamba la msingi ni aina ya bakteria anayemfundisha mtoto.

Sasa linganisha na mtaro wa mtaani kwetu. Humo kuna kipindupindu, taifodi na mayai ya minyoo. Vumbi la zizi la ng'ombe na maji ya mtaro haviko kundi moja. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hakomazi kinga, anadumaa.

Zamu_ya_usiku

Nimesoma uzi wote nikiwa nimekaa wima. Mimi ni muuguzi wa ICU, na naomba unieleze kitu kinachotutesa.

Mgonjwa anakuja na maambukizi ya damu, hali mbaya, joto 39.8, anatetemeka kitanda kinagonga. Tunampa antibayotiki, dripu, dawa za presha. Siku ya tatu, ya nne anatulia. Ndugu wanafurahi, wanaleta uji. Halafu wiki ya pili anaanza kubadilika. Hana homa. Joto 35.7. Amechoka tu, mkojo umepungua, anaongea visivyo. Ukiotesha damu unakuta Klebsiela, au fangasi, vitu ambavyo mtu mzima wa afya vingempita tu. Ndugu wanauliza, "Sista, mbona homa ilishashuka?" Nakosa la kuwaambia.

Mleta uzi

Pole sana na kazi. Ulichokieleza ndicho kilichonifanya niandike uzi huu.

Ule ustahimilivu unaomwokoa mgonjwa siku ya pili, kwa kuzima dhoruba ya TNF, ukikaa muda mrefu unageuka kitanzi. Monosaiti zake zinakuwa kama zile za kwenye visima vyangu visivyogeuka njano. Watafiti wa Ufaransa, kundi la Jean-Marc Cavaillon, walilionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990: ukichukua damu ya mgonjwa wa sepsisi (ndiyo hiyo hali mbaya ya maambukizi uliyoieleza) na kuiwekea LPS, TNF inayotoka ni kidogo sana. Juu ya seli zenyewe, alama ya HLA-DR, inayotumika kuonyesha vipande vya mdudu kwa seli T (seli nyeupe za kundi jingine la kinga), inapungua. Hapo si king'ora tu kilichozimwa. Seli T hazipati habari, na nyingi zinakufa. Mwaka 2011 kundi la St. Louis, Marekani, lilichunguza bandama na mapafu ya waliofariki kwa sepsisi, likakuta seli zilizochoka kabisa kujibu.

Ndiyo maana huyo mgonjwa hana homa. Homa inatengenezwa na saitokini, na seli zake zimeacha kuzitoa. Joto la 35.7 kwa mgonjwa wa wiki ya pili linatisha kuliko 39.

Na hapa sayansi ilipoteza muda na maisha. Miaka ya 1990 makampuni yalijaribu dawa za kuzuia TNF kwa wagonjwa wa sepsisi, zikashindwa. Baadaye ikaja eritorani, dawa inayoziba njia ya TLR4 yenyewe. Matokeo yaliyotolewa 2013 hayakuonyesha kupunguza vifo. Kwa maoni yangu tatizo kubwa lilikuwa kuwatibu wagonjwa wote kana kwamba wako siku ya kwanza, wakati wengi mwili ulikwisha kuvuka kwenda upande wa pili.

Makadirio ya mwaka 2017 ni watu milioni 48.9 waliopata sepsisi duniani na vifo milioni 11, na wengi mno ni wa nchi kama zetu. Hili si jambo la wazungu.

Nyanza_254

Salamu kutoka Kisumu. Je, malaria nayo? Mtu mzima wa huku anapimwa, vimelea vinaonekana, na yeye anaendelea kulima. Mgeni kutoka Nairobi akiumwa na mbu wiki moja, yuko kitandani.

Mleta uzi

Vimelea vya malaria si bakteria na havina LPS, lakini kanuni inafanana. Mtu mzima wa Nyanza ana kingamwili zinazopunguza idadi ya vimelea, na juu ya hapo mwili wake umezoea, unahitaji vimelea wengi zaidi ndipo uwake homa. Akihamia ughaibuni akakaa miaka, mazoea yanafifia, na akirudi likizo malaria inamlaza kama mgeni. Ndugu zetu wa Muscat na London wanalijua hili, wasisafiri bila kinga ya malaria kwa kujiamini kwamba "mimi ni mwenyeji".

Kuna uhusiano mwingine. Mwaka 1965 ilionyeshwa kwamba mtu mwenye malaria anaitikia endotoksini kidogo kuliko kawaida. Na hospitali za Afrika zimeona kwa miaka mingi kwamba watoto wenye malaria, hasa yenye upungufu wa damu, wanaandamwa na Salmonela kwenye damu. Sababu ni zaidi ya moja: chembe nyekundu zikipasuka, kinachomwagika kinadhoofisha uwezo wa seli nyeupe kuua Salmonela. Kwa hiyo mtoto mwenye malaria kali asiyepata nafuu kwa dawa ya malaria, usiseme "malaria sugu" ukaishia hapo. Afikiriwe bakteria.

Mpiga_swali

Mkuu, kama seli zinaweza kuzoeshwa kunyamaza, haziwezi kufundishwa kinyume chake? Na je, sindano ikichemshwa LPS si inakufa?

Mleta uzi

La pili kwanza, ni fupi. Haifi. Mashine ya mvuke ya nyuzi 121 inaua bakteria, LPS inabaki. Vyombo vya kioo vya maabara tunavichoma kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Ndiyo maana dripu halali hupimwa endotoksini kiwandani, na dripu ya kutengenezea uani ni hatari hata ikichemshwa.

La kwanza: ndiyo, zinaweza. Mihai Netea na wenzake, Nijmegen hukohuko, mwaka 2011 waliita jambo hilo kinga iliyofunzwa. Mtu akichanjwa BCG (chanjo ya kifua kikuu), monosaiti zake kwa miezi kadhaa zinajibu kwa nguvu zaidi hata kwa vijidudu visivyo vya kifua kikuu. Entebbe, Uganda, watoto waliopewa BCG siku ya kuzaliwa walipata maambukizi mengine machache kuliko waliocheleweshewa wiki sita. Hiyo ni sababu tosha ya kutoahirisha chanjo ile ya begani. Na mwaka 2016 kundi la Nijmegen lilionyesha kwamba monosaiti zilizozoea LPS zikiwekewa beta-glukani, sukari ya ukuta wa fangasi, zinarudi kujibu.

Najua kuna mtu atauliza kama anunue vidonge vya uyoga. Ile beta-glukani iliwekwa juu ya seli maabarani. Kidonge unachomeza kinapitia tumboni, na hakuna aliyeonyesha kwamba kinamwamsha mgonjwa wa sepsisi. Pesa hiyo mnunulie mtoto mayai.

Zamu_ya_usiku

Sasa sisi wa wodini tufanye nini? Kipimo cha HLA-DR hatuna.

Mleta uzi

Hata penye kipimo bado ni utafiti zaidi kuliko tiba. Berlin walijaribu intaferoni gama mwaka 1997, Wajerumani wakajaribu GM-CSF mwaka 2009 (zote mbili ni za kuamsha seli za kinga), wakichagua wagonjwa kwa HLA-DR. Alama ilipanda, seli zikaanza kujibu, lakini bado haijawa dawa ya kila hospitali.

Ninyi mna vitu ambavyo havihitaji mashine. Siku ya kwanza, antibayotiki ndani ya saa za mwanzo na usaha utolewe, maana kadiri LPS inavyokaa kwenye damu ndivyo seli zinavyozoea zaidi. Wiki ya pili, mhesabu kama mtu asiye na kinga. Katheta ya mkojo na kanula zisizo na kazi zitoke leo, si kesho. Mikono ioshwe kati ya kitanda na kitanda. Apewe chakula mapema. Na msisubiri homa ndipo muoteshe damu: akianza kuchanganyikiwa, akipumua haraka, mkojo ukipungua, joto likishuka chini ya 36, chukua sampuli.

Ndugu wakiuliza tena, waambie homa imeshuka kwa sababu mwili umeacha kuitengeneza, na ndiyo maana bado yuko kwenye kitanda hicho.